Matope Kwenye Friji ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Machi

Meli imerudi, na wifi yangu amerudi nayo, ameungua jua, amepungua mwili, na amependeza kuliko alivyoondoka. Hilo la mwisho ndilo lililonikata maini. Mtu anakaa mwezi mzima katikati ya bahari, anakula vyakula vya kopo, anatapika wiki nzima ya kwanza kwa maneno yake mwenyewe, halafu anashuka bandarini kama bibi harusi. Mimi niliyebaki nchi kavu nina mifuko chini ya macho.

Mama mkwe alikuwa mlangoni tangu asubuhi. "Mwanangu," akamwambia, huku kamshika mashavu, "umefika kule ambako hata samaki hawafiki."

"Samaki wanafika, mama," nikasema.

Hakunisikia. Nikaenda kuinjika chai.

Niandike mambo yalivyo, maana humu hakuna wa kunisuta. Mimi na wifi tunafanya kazi maabara moja, tuna shahada moja, na mimi ndiye niliyetangulia kuajiriwa. Nafasi ya kwenda melini ilikuwa moja. Mwezi wa Januari Mkuu wetu alituita mmoja mmoja ofisini. Mimi aliniuliza, "Na mtoto?" Nikasita, kidogo tu, muda wa kumeza mate. Wifi hana mtoto, kwa hiyo hakuulizwa kitu. Tangu siku hiyo naona gere, na asije mtu kunihubiria.

Jumanne, 3 Machi

Mume wangu kaniambia, "Furahi na mwenzako, basi, ni mdogo wako." Nikamwambia ni mdogo wake yeye, mimi kwangu ni wifi. Akageukia ukutani akalala.

Alhamisi, 5 Machi

Matope yamewasili maabara, yamesimama wima ndani ya mirija ya plastiki, kila mrija na kizibo juu na chini. Wifi aliyapokea mwenyewe kwenye lori, akawa anawaamrisha wapakuzi: taratibu, taratibu, msiyatikise. Sauti hiyo ya kuamrisha hakuondoka nayo. Kaiokota melini.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna kampuni inataka kuokota mawe yaliyotapakaa sakafuni mwa bahari, kilomita nne kwenda chini. Mawe meusi, ukubwa wa kiazi, yenye madini ya kutengenezea betri. Wameshusha mashine moja ya majaribio. Inatambaa kama trekta, inazoa mawe pamoja na ngozi ya juu ya matope, na nyuma yake inatimua wingu. Wingu linachukuliwa na mkondo, linakwenda mbali, halafu linatua. Kule chini matope ya unene wa ukucha huchukua maelfu ya miaka kujijenga. Mashine inaweka unene huo huo kwa siku moja.

Tumeulizwa swali moja tu: huko vumbi hilo linakotua, viumbe waishio matopeni wanabaki hai au wanakufa? Tukisema wanabaki hai, leseni inatoka na mashine zinashuka kwa makumi. Tukisema wanakufa, hazishuki. Hakuna mwingine atakayeulizwa.

Viumbe wenyewe wengi wao ni minyoo, myembamba kuliko uzi wa kushonea, huwezi kuiona bila darubini. Na hapo ndipo penye zamu yangu. Wifi anajua meli, mimi najua kuona. Maabara nzima wananiita Jicho. Nikitazama kijisahani cha matope, kabla mwingine hajarekebisha kiti chake, mimi nimeshahesabu nusu.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza. Tumekata matope kutwa, tabaka kwa tabaka, kama watu wanaokata sabuni.

Ijumaa, 13 Machi

Leo tumetia rangi. Tunatumia rangi ya waridi: kiumbe aliyekuwa hai wakati matope yanavutwa, nyama yake hunywa rangi akawa mwekundu. Aliyekwisha kufa kitambo ni ganda tupu, anabaki mweupe. Mwekundu yu hai, mweupe amekufa. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, mimi na yeye, na mwalimu yule yule.

Nikachukua tabaka lililo chini ya vumbi jipya. Nikainamia darubini. Wekundu. Kijisahani cha pili, wekundu. Cha tano, cha saba, wekundu watupu, weupe wa kutafutwa.

Wifi alikuwa kasimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu. "Wifi? Vipi?"

"Wekundu."

"Wangapi?"

"Karibu wote."

Akanikumbatia. Kwa kweli alinikumbatia, na kichwa chake kikagonga darubini, nikapoteza hesabu. Mtu akikutana na heri yake hata adabu ya kazi inamtoka.

Jumatano, 18 Machi

Mama mkwe katundika sebuleni picha ya wifi akiwa na kofia ngumu ya melini. Picha yetu ya harusi imehamishiwa karibu na swichi.

Jumanne, 24 Machi

Wifi katoka redioni. Tuliketi wote, mama mkwe kakataza watu kukohoa. Wifi alisema kwa sauti ile ile ya mirija: "Mimi na timu yangu tumegundua kwamba maisha yanaendelea hata chini ya vumbi."

Timu yake ni mimi. Hakuna mwingine. Timu ilikuwa imekaa kwenye stuli ya jikoni inabandua maganda ya viazi.

Mchana kampuni ikaleta kapu la matunda kwa jina lake. Mama mkwe akagawa kwa majirani, akatia chumvi kwenye kila hadithi, hata papa mmoja akaongezeka. Mimi nilikula machungwa matatu, makubwa makubwa, kwa nia mbaya.

Ijumaa, 27 Machi

Jambo limenijia, na limenijia jikoni.

Nilifungua friji kutoa nyama. Nikakuta kipande kimesahaulika nyuma kabisa, sijui cha lini. Mama mkwe akakichukua, akakigeuza, akakinusa.

"Bado kizima hiki," akasema.

"Kina siku nyingi, mama."

"Lakini chekundu. Si unaona? Baridi inatunza."

Nikabaki nimeshika mlango wa friji mpaka akaniambia nifunge, namaliza umeme. Kule chini bahari ina baridi kuliko friji yoyote. Mashine ilipita, vumbi likatua, na wifi akavuta matope kama wiki mbili baadaye. Mnyoo aliyefunikwa na vumbi akakosa hewa siku ya kwanza, je, wiki mbili zilimtosha kuoza, kwenye baridi ile? Kama nyama yake ilikuwa bado nzima, basi ilikunywa rangi. Anaonekana mwekundu na amekufa.

Yaani wote wale wekundu huenda ni maiti.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiria bahari. Kabla ya bahari nilifikiria uso wa wifi siku atakapoambiwa. Nikaikata ile nyama vipande vidogo vidogo, na nilikuwa naimba.

Jumamosi, 28 Machi

Wifi kasafiri na Mkuu. Wanazunguka wiki tatu kwenye mikutano kuwaeleza watu kuhusu maisha yanayoendelea. Mimi nimeachiwa maabara na funguo zote, isipokuwa wa jokofu kubwa, kwa sababu wifi ndiye "msimamizi wa sampuli." Kaondoka nao kwenye mkoba.

Lakini mrija mmoja wa matope mabichi, wa kutoka mbali ambako vumbi halikufika, ulibaki kwenye boksi la baridi, wa akiba, minyoo yake bado hai. Nimeuchukua. Nikagawa matope mara mbili kwenye makopo. Kopo moja nimeliacha. La pili nimelitia kwenye maji ya moto ya kuogea, nikasubiri, nikatazama chini ya darubini mpaka nikahakikisha hakuna anayecheza. Nimewaua mwenyewe, najua siku waliyokufa. Sasa watakaa kwenye baridi, na kila wiki nitachota kijiko, nitie rangi, nione wanakuwaje.

Jokofu sina. Makopo yamekuja nyumbani.

Jumatatu, 30 Machi

"Hiki nini kwenye friji yangu?"

"Matope, mama."

Akanitazama kama mtu anayepima homa. "Nje mvua inanyesha wiki ya tatu. Matope yako mpaka kwenye kapeti. Ya kwenye friji ni ya kazi gani?"

"Haya ya baharini. Ni ya kazini."

"Yale ya mwanangu?"

Ulimi ulitaka kusema ni yangu pia. "Ndiyo, mama. Yale yale."

Akayatoa kwenye rafu ya mboga, akayapandisha rafu ya juu pamoja na maziwa, akayafunika kwa kitambaa safi. Jioni nilimsikia akimwambia mume wangu asiyaguse, ni ya dada yake.

Jumamosi, 4 Aprili

Kijiko cha kwanza. Wekundu.

Alhamisi, 9 Aprili

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimenunua barafu mara mbili, nimerudi nimelowa. Mume wangu akanikuta nimepiga magoti mbele ya friji nazungushia makopo mifuko ya barafu.

"Nyama yote inayeyuka," akasema, "wewe unahangaikia tope la wifi yako. Kumbe mnapendana."

Nilicheka mpaka akashangaa.

Jumamosi, 11 Aprili

Kijiko cha pili. Wekundu, kana kwamba jana tu walikuwa hai. Wifi kapiga simu, mama mkwe kaweka sauti juu ili tusikie: hoteli ina lifti ya kioo.

Jumamosi, 18 Aprili

Kijiko cha tatu. Nimepita vijisahani vyote mara mbili, shingo inauma. Wamekufa wiki tatu na wanang'aa wekundu kuliko midomo ya mwenye duka la vipodozi. Nikiwachanganya na wale wa kopo la walio hai, hata mimi, mimi Jicho, siwezi kuwatenganisha.

Basi ripoti ya wifi haina miguu. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa uongo, lakini ile rangi haituambii chochote.

Kikao cha leseni ni tarehe sita Mei. Watakuwepo watu wa wizara, watu wa kampuni, waandishi. Wifi atasimama mbele na ile sauti yake. Atakapomaliza, wakiuliza kuna swali, nitanyanyua mkono. Sitapiga kelele. Nitauliza kwa upole: "Samahani wifi, mnyoo aliyekufa wiki mbili kwenye baridi anakuwa rangi gani?" Nimejizoeza bafuni. Upole huo ndio utakaomuua.

Sijalala vizuri namna hii tangu Januari.

Jumatano, 22 Aprili

Amerudi. Kaniletea kitambaa cha kichwa, cha bluu, kizuri, rangi ninayoipenda. Mtu mwingine angenichagulia kijani. Nimekikunja nimekitia chini kabisa ya kabati.

Makopo nimeyarudisha maabara, nyuma ya chupa za sabuni. Mama mkwe kauliza tope la mwanawe limekwenda wapi. Nimesema limeiva.

Ijumaa, 24 Aprili

Leo nimejichimbia shimo.

Nilitaka kujua nitakapomwangusha ataangukia wapi, kwa hiyo nikamwendea Mkuu, nikajitia hamnazo. "Hivi Mkuu, tuseme tu, kikao kikikataa ripoti yetu?"

Mkuu ni mtu mwema aliyechoka. Akavua miwani. "Watataka matope mapya. Kuna meli ya wenzetu inapita kule mwisho wa Mei, wana kitanda kimoja cha akiba. Lakini kwa nini waikatae?"

"Nauliza tu. Na nani angekwenda?"

"Nani tena? Mwenye cheti cha usalama wa baharini hapa ni mmoja, wifi yako. Wewe ukianza mafunzo leo ni miezi mitatu." Akavaa miwani. "Wakikubali ripoti, basi, hakuna safari tena. Mtakaa hapa wote wawili na darubini zenu mpaka mstaafu."

Nikashukuru nikatoka. Nilisimama kwenye korido mpaka mfagizi akaniomba ninyanyue miguu.

Nikisema, wifi anapanda meli tena. Nikinyamaza, hapandi tena maishani. Tunakuwa sawa, kiti kwa kiti. Nilidhani ukweli umekuja kunitetea. Kumbe umekuja na tiketi ya wifi mkononi.

Jumatatu, 27 Aprili

Sikusema. Mvua kutwa.

Jumanne, 28 Aprili

Sikusema. Wifi ananiita niangalie michoro yake, rangi gani inafaa zaidi. Nikamwambia nyekundu.

Alhamisi, 30 Aprili

Sikusema. Najiambia minyoo hiyo haina jina wala hesabu, nusu yake haijawahi hata kuandikwa kitabuni, nani ataililia? Halafu nakumbuka nimekaa miaka sita nikiitazama. Kuna mmoja mwenye mkia uliopinda kama ndoana, sijamwona kwenye matope ya kwingine kokote. Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa namweka kama siri.

Ijumaa, 1 Mei

Sikusema.

Jumatatu, 4 Mei

Mama mkwe kaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Akasema kama ni habari njema nisimfiche. Hakuna habari njema, mama.

Jumanne, 5 Mei

Leo jioni wifi alifanya mazoezi ya hotuba sebuleni. Sisi tukawa hadhira: mama mkwe mbele, mume wangu pembeni, mimi mlangoni na ndoo ya nguo. Alianza vizuri. Lazima niseme, anajua kusimama. Hakupiga chuku, hakujishaua. Akafika pale penye minyoo, akaacha karatasi, akanyoosha mkono upande wangu.

"Na mkiuliza nina uhakika gani," akasema, "nitawaambia hivi. Waliohesabiwa wamehesabiwa na wifi yangu. Mmoja mmoja. Jicho lake halijawahi kukosea tangu nimfahamu. Yeye akisema wako hai, wako hai."

Mama mkwe akapiga makofi. Akageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nyumba hii alinitazama kwa fahari.

Nilitaka nipasuke. Mwezi mzima nimetamani nitajwe. Nimetajwa, na nimetajwa hapo. Kesho watu watasaini leseni, mashine zitashuka kwa makumi, na muhuri wake ni jicho langu. Mimi sikusema wako hai. Mimi nilisema wekundu.

Nikatua ndoo. "Wifi, njoo jikoni."

Akaja anatabasamu, akidhani nimeguswa. Nikafunga mlango, nikamwambia yote: nyama, makopo, maji ya moto, vijiko. Nilisema harakaharaka, kwa ukali, kama ninayegombana, maana ningesema kwa upole ningelia.

Hakubisha. Hilo nalo liliniudhi. Alikaa kwenye stuli ya jikoni, akauliza, "Bado yapo, hayo makopo?"

"Nyuma ya sabuni."

"Twende."

Tukaenda na mvua yetu, mwavuli mmoja. Akaketi kwenye darubini yangu, akatazama kijisahani baada ya kijisahani. Mabega yake niliyaona yanashuka.

"Hawa uliwaua mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Na ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Tangu ulipokuwa safarini. Tarehe kumi na nane."

Akahesabu kichwani. Hakunitazama. "Umekula na mimi meza moja siku zote hizo. Umenichagulia na rangi ya michoro."

"Ndiyo."

"Ulitaka niseme kesho mbele ya watu wote, halafu ndiyo uinuke."

"Mwanzoni. Baadaye nilitaka nisiinuke kabisa."

Hapo ndipo aliponitazama. Nadhani alielewa la pili ni baya kuliko la kwanza, maana hakuuliza kwa nini. Akazima taa ya darubini, akaifunika vizuri kwa kifuniko chake, kona kwa kona, jinsi ninavyofunika mimi. Njiani kurudi mwavuli aliushika yeye, na aliushika katikati, sikulowa hata bega. Afadhali angeniacha nilowe.

Jumatano, 6 Mei

Wifi akasimama mbele ya ukumbi mzima, akaweka michoro yake mezani kifudifudi.

"Ripoti mliyonayo naomba muirudishe," akasema. "Rangi tuliyotumia haiwezi kutenganisha kiumbe hai na aliyekufa karibuni kwenye baridi ile. Tumelijaribu hilo wenyewe. Hatujui kama viumbe chini ya vumbi wako hai. Tunaomba matope mapya kabla ya mtu kusaini chochote."

Mtu wa kampuni akafunga mkoba wake. Mtu wa wizara akaandika kitu, akakipigia mstari. Halafu Mkuu akainuka, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona ujasiri kama ule, mtafiti kuipinga kazi yake mwenyewe hadharani. Watu wakapiga makofi. Walisimama.

Nikapiga makofi na mimi. Ningefanyaje? Makopo yalilala kwenye friji yetu, barafu niliibeba mimi, na makofi kapigiwa yeye. Alisema "tumelijaribu," kweli, na akanitafuta kwa macho aliposema. Lakini "tu" ni neno dogo, halikufika safu ya nyuma.

Alhamisi, 7 Mei

Wizara imesitisha leseni mpaka matope mapya yaje. Wifi anaondoka mwisho wa mwezi. Mama mkwe anapiga pasi.

Jumanne, 12 Mei

Tumekubaliana namna. Rangi haifai. Njia ni moja tu: matope yakifika juu ya meli, yawekwe kwenye barafu, na mtu aketi hapo hapo na darubini aone nani anacheza na nani hachezi. Anayecheza yu hai. Hakuna ubishi.

Mkuu akasema, "Kwa hiyo inatakiwa jicho." Akanitazama, akamtazama wifi, akatazama dirisha.

Kwa hiyo ninamfundisha. Kitu kimoja nilichokuwa nacho na yeye hana, nimeambiwa nimpe, na nina wiki mbili za kukimalizia.

Alhamisi, 14 Mei

Haoni. Kijisahani chenye minyoo arobaini anaona kumi na moja. Nilifurahi asubuhi nzima. Mchana nikaogopa.

Jumatatu, 18 Mei

Leo tumegombana. Kila kinachotikisika anasema kiko hai. Nikamwambia meli itakuwa inatetemeka, maji ya kijisahani yatakuwa yanacheza, utawafufua maiti wote. Akasema mimi naeleza kama mtu anayeficha. Na kweli nilikuwa naficha kidogo. Kuna namna ya kutazama ambayo sijawahi kumweleza mtu.

Nikamweleza. "Anayesukumwa na maji hugeuka mzima mzima. Aliye hai hujikunja, kwanza upande huu, halafu upande huu. Usimtazame kichwa wala mkia. Mtazame katikati, usubiri, usihesabu mpaka umeona pande zote mbili. Na ukidhani hayupo, pumua, tazama tena kwa hasira kidogo."

"Kwa hasira?"

"Mimi huwa natazama kwa hasira."

Akacheka, mara ya kwanza tangu usiku wa makopo. Akainama. Alikaa muda. "Huyu," akasema. "Kajikunja. Upande huu… na huu."

Nikatazama. Alikuwa yule mwenye mkia wa ndoana.

Jumatatu, 25 Mei

Minyoo thelathini na minane kati ya arobaini. Nimemwambia anatosha. Sikusema vizuri, lakini nilisema.

Alhamisi, 28 Mei

Ameondoka. Mvua imekatika, jua kali, bandari inanuka mafuta. Mama mkwe kalia. Nami nikavaa kitambaa cha bluu, asiseme simjali. Meli ilipogeuka niliona wivu wote upya, mzima mzima, kana kwamba sijafanya lolote la maana tangu Januari. Mume wangu akanishika mkono. Hakusema nifurahi. Naona anaanza kujifunza.

Ijumaa, 5 Juni

Hakuna habari. Vumbi mitaani, la nchi kavu.

Alhamisi, 11 Juni

Ujumbe umeingia kwenye simu yangu, si ya Mkuu wala ya mama yake. Nanakili:

"Wifi. Matope ya mbali, ambako vumbi halikufika, wanacheza karibu wote, mpaka nimechoka kuhesabu. Chini ya vumbi nimekaa tangu asubuhi hadi wenzangu wamenifuata na chakula. Sijaona hata mmoja anayecheza. Nimetazama katikati. Nimesubiri pande zote mbili. Nimetazama kwa hasira. Wewe ungeona? Niambie kweli, wewe ungemwona hata mmoja?"

Nimesoma nimesimama maabara peke yangu. Nilitaka kiti hicho kiwe changu, mikono hiyo yenye baridi iwe yangu. Niliona wivu hata wa kuwa yeye ndiye aliyewaona wametulia. Na nilijua neno langu moja lingetosha: ningeandika "ningeona," angetilia shaka jicho lake maisha yote, na hesabu yake ingeanguka.

Nikaandika: "Nisingeona. Hawapo. Waandikie hivyo wizara, kwa jina lako."

Halafu nikakaa. Msimu mzima nimeomba wifi akosee. Leo nimeomba tena, kwa moyo wote, nimefumba macho: akosee, awe hakutazama vizuri, wawepo japo wawili watatu waliojikunja asiwaone. Lakini hakukosea. Nilimfundisha mwenyewe.